Melbourne, jiji lililozima taa za kubabua ngozi
Msichana wa Melbourne anayetaka ngozi ya kahawia hapati tena duka la kulipia kitanda cha taa za miale ya urujuanimno. Jimbo la Victoria lilipiga marufuku biashara hiyo tangu mwanzo wa 2015. Clare Oliver wa jijini humo, aliyefariki kwa saratani ya ngozi mwaka 2007 akiwa na miaka 26, alitumia siku zake za mwisho kuwaonya vijana wenzake. Siku hizi wengi hupuliziwa rangi, inayokoza ngozi ya juu tu na kufifia baada ya siku chache. Afadhali hiyo, ingawa haizuii jua: kwenda ufukweni St Kilda, kofia na losheni ya kukinga jua bado ni lazima. Uingereza, waliko ndugu zetu wengi, vitanda vingalipo, ila walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi.