Mgongo wa Muuguzi

Wahenga walinena kwamba mvumilivu hula mbivu. Methali hii aliinyonya pamoja na maziwa ya mamake binti mmoja wa Nyamira aliyelelewa miongoni mwa michai ya vilima vya Kebirigo. Alfajiri, kabla ya kengele ya shule, alikuwa tayari shambani, kapu likining'inia mgongoni, vidole vikichuma majani mawili na chipukizi. Jioni alishuka mtoni na kuupanda mlima akiwa na mtungi wa lita 20 kichwani. Katika malezi hayo hakuna aliyewahi kutamka kwamba mgongo unamuuma. Mgongo ulikuwa chombo cha kazi mfano wa jembe, na jembe halilalamiki.

Si ajabu basi kwamba alipojiunga na chuo cha uuguzi mjini Kisii, alijiona kuwa amekwisha kuandaliwa. Aliogopa damu, akaogopa pia kukutana na maiti kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyemwonya kwamba kitakachomwelemea ni kitanda.

Wodi aliyopangiwa kwa mafunzo ya vitendo ilikuwa na vitanda vya chuma visivyopandishwa wala kushushwa. Humo walilala vijana waliovunjika mapaja katika ajali za pikipiki, na wazee waliopooza. Mgonjwa asiyejiweza sharti ageuzwe takriban kila baada ya saa 2, asije akachubuka ngozi na kupata vidonda vya kulalia. Mtu mzima mwenye kilo 70, anayegeuzwa na mtu aliyeinama juu ya kitanda kifupi, ni mzigo usiofanana na kapu la majani chai. Kapu hukaa karibu na mwili, nao uzito wake hautikisiki. Mgonjwa yu mbali na kifua cha anayemwinua, hutetemeka, huogopa, hushika shingo. Kadiri mzigo unavyokuwa mbali na mwili, ndivyo misuli ya kiuno inavyolazimika kuvuta kwa nguvu inayoushinda uzito wenyewe mara kadhaa, na visahani vya gegedu vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo ndivyo vinavyobeba gharama hiyo.

Maumivu yalianza katika mwaka wa pili, yakiwa kama kidole kinachobonyeza kiunoni jioni. Baada ya muda yaliteremka pajani. Binti akameza tembe za kutuliza maumivu, akajifunga leso kwa nguvu chini ya sare yake, akaendelea na zamu. Aliwaona wenzake wakifanya vivyo hivyo: mmoja akijisugua shingo penye giza la stoo, mwingine akivua viatu kisirisiri. Wote walinyamaza, kwa kuwa aliyediriki kuguna aliambiwa na sista mkuu wa wodi, "Nyinyi ni kuku wa gredi. Sisi tulibeba wagonjwa mkiwa hamjazaliwa." Fauka ya hayo, ripoti ya mwisho wa mafunzo iliandikwa na sista huyohuyo. Nani angetaka kuandikiwa kwamba ni dhaifu?

Usiku mmoja alipaswa kumhamisha mzee aliyepooza upande mmoja kutoka kiti cha magurudumu hadi kitandani. Mwenzake wa zamu alikuwa ameitwa wodi jirani. Mzee alikuwa anatetemeka kwa baridi, naye binti akaona kumsubirisha ni ukatili. Alipomwinua, kitu kilimkata kiunoni kama panga. Magoti yakalegea. Mzee akaanza kuteleza kuelekea sakafuni, na lau si jamaa wa mgonjwa mwingine aliyeruka na kumdaka, angeangukia upande wake uliokufa ganzi.

Mzee alipokwisha kulazwa, alimtazama kwa muda mrefu.

"Pole, mwanangu. Ni mimi niliyekuumiza?"

"La, baba. Sakafu iliteleza."

Sakafu ilikuwa kavu. Uongo huo ulimuuma kuliko kiuno. Kwa miezi mingi alikuwa ameamini kwamba anauficha mgongo wake kwa ajili ya wagonjwa. Sasa alijua kwamba kwa kuuficha alikuwa amewahatarisha.

Majuma machache baadaye, chuoni paligawiwa hojaji. Ilikuwa na mchoro wa binadamu aliyesimama akiwapa wasomaji kisogo, mwili wake umegawanywa katika sehemu 9: shingo, mabega, viwiko, viganja, mgongo wa juu, kiuno, nyonga na mapaja, magoti, vifundo na nyayo. Hojaji ya namna hii ilibuniwa na wataalamu wa nchi za Skandinavia na kuchapishwa mwaka 1987, nayo imetumiwa kote ulimwenguni. Maswali yake ni mepesi: je, umepata maumivu hapa katika miezi 12 iliyopita? Je, yalikuzuia kufanya kazi zako? Vipi siku 7 zilizopita? Binti alitia alama penye kiuno, akatia penye paja, kisha bega. Alipoinua macho, aliona darasa zima limeinama, kalamu zikiandika bila kusita. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuulizwa.

Waama, Abagusii hawakuwa watu wa kudharau maumivu. Miongoni mwao walikuwapo ababari, waganga wa jadi waliopasua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa wa fuvu ili kumtuliza mtu aliyeandamwa na maumivu ya kichwa baada ya kuumia. Jamii iliyothubutu kulifungua fuvu kwa kuwa mtu amesema "naumwa" haiwezi kudai kwamba kunyamaza ndiyo mila yake.

Wala ulimwengu wa leo haujakosa maarifa. Mwaka 2020, watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Mwaka 2007 mtaalamu wa Marekani, Thomas Waters, alipendekeza kwamba muuguzi asiinue kwa mikono zaidi ya takriban kilo 16 za uzito wa mgonjwa, tena mambo yote yakiwa shwari. Mwaka uo huo, Kenya ilipitisha Sheria ya Usalama na Afya Kazini, inayomkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo unaoweza kumjeruhi kwa uzito wake. Zaidi ya hayo, tafiti nyingi zimebaini kwamba kumfundisha mtu kukunja magoti na kunyoosha mgongo, bila kumpa vifaa wala wasaidizi, hakumkingi na maumivu. Kwa hivyo kosa haliko katika magoti ya mwanafunzi pekee. Liko katika kitanda kisichopanda, katika zamu yenye mikono michache, na katika dhana kwamba huruma hupimwa kwa kiasi cha maumivu anayoyameza mhudumu.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Binti alimwendea sista mkuu, akamweleza yote, hata uongo wa sakafu. Alingoja kuitwa kuku wa gredi. Sista alinyamaza, akafunga daftari la wodi, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Wangu una miaka kumi na mmoja."

Vitanda havikubadilika siku hiyo. Lakini tangu juma lile ilikatazwa wodini humo mtu kumwinua mgonjwa peke yake, na shuka ilikunjwa chini ya kila asiyejiweza ili wawili au watatu wamvute badala ya mmoja kumbeba. Mgonjwa alisubiri dakika chache zaidi, ila alifika kitandani salama. Naye binti alipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambako alipaswa kufika mapema zaidi.

Likizo ilipofika, aliabiri matatu hadi Kebirigo. Alimkuta mamake shambani, kapu mgongoni, ameinama kama alivyoinama miaka yote. Binti alimpokea kapu, akalitua chini, akamuuliza swali ambalo halikuwahi kuulizwa katika nyumba yao:

"Mama, unaumwa wapi?"

Mama alicheka kwanza. Kisha akauweka mkono kiunoni.