Siku Mbili za Mvua

Binamu yangu aligundua kwa sababu ya tokeni. Jumapili tulikuwa tumenunua stima ya shilingi 500. Jumamosi asubuhi mita ikaanza kulia. Na sisi hatuna friji, hatuna hita ya maji. Tuna balbu mbili, redio, na kompyuta yangu inayokaa chini ya meza bila kifuniko cha upande, feni ikivuma usiku kucha.

"Hii kitu yako hufanya nini usiku na wewe umelala?" akauliza.

"Inapiga hesabu ya mvua."

Akanitazama kwa muda. "Mvua gani?"

Ilikuwa 2021, na nilikuwa nimeacha chuo miezi michache tu. Naandika "nimeacha" kwa sababu ndilo neno rahisi. Ukweli ni kwamba karo iliisha. Mama ni mkulima Kitui, na mwisho wa 2020 mvua za vuli zilikuja kidogo, zikapita. Mbuzi waliouzwa walilipia nusu ya muhula. Nusu ile nyingine haikupatikana, nami nikaambia watu napumzika kidogo.

Kazi niliyopata ni ile vijana wengi wa Nairobi wanaijua: kuandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Yaani mimi, niliyeshindwa kumaliza mwaka wa pili, nilikuwa nawasaidia wengine kumaliza wa nne. Niliandika kuhusu uuguzi, sheria, hata maadili ya biashara. Hiyo ya maadili niliiandika saa tisa usiku, nikajicheka peke yangu. Nikimaliza naituma, mtu mwingine anaweka jina lake, na mimi naingiziwa pesa. Hakuna mahali popote duniani palipoonyesha kwamba niliwahi kufanya kitu.

Kompyuta nilikuwa nimeiunda mwenyewe, kipande kwa kipande. Bodi na prosesa zilitoka kwenye mashine ya ofisi ya ex-UK niliyoipata Luthuli Avenue. Kesi ilikuwa na kutu, nikaipiga rangi. Kitu kipya kilikuwa pawa saplai pekee, kwa sababu fundi alinionya: "Hapo usibanie. Ikiungua inaenda na kila kitu."

Wakati wa lokdauni ndipo niliposoma kuhusu watu wanaoazima sayansi nguvu za kompyuta zao. Wazo lenyewe ni la zamani. Mei 1999, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilianzisha SETI@home. Unaweka programu kwenye kompyuta yako, inatumiwa kipande cha mawimbi ya redio kutoka angani, inakichambua kutafuta dalili ya viumbe wenye akili huko nje, kisha inarudisha majibu. Iliacha kugawa kazi Machi 2020, bila kumpata mgeni yeyote. Lakini iliacha programu iitwayo BOINC, ambayo miradi mingine mingi inaitumia. Mwaka huohuo, korona ilipoingia, watu wengi sana walijiunga na Folding@home, inayochunguza jinsi protini zinavyojikunja, hata nguvu ya kompyuta zao zikijumlishwa ikaipita kompyuta kuu yoyote iliyokuwapo duniani wakati huo. Nyingi zilikuwa mashine za vyumbani, kama yangu.

Mimi nilichagua mradi wa mvua. Unaitwa Africa Rainfall Project, ulianzishwa 2019 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, kupitia World Community Grid. Lengo lake ni kuiga kwa kompyuta mvua ya Afrika kusini mwa Sahara, kwa undani wa kilomita moja. Kilomita moja tu! Ukiwahi kuishi Kitui unajua kwa nini hilo ni jambo kubwa. Mvua zetu nyingi huletwa na mawingu madogo ya ngurumo. Mama akipiga simu husema, "Jana imenyesha ng'ambo ya mto, kwetu hata vumbi haikutuliza." Mifano mingi ya hali ya hewa hugawanya dunia kwa miraba mikubwa mno, kiasi kwamba shamba la mama na la ng'ambo ya mto ni kitu kimoja.

Kwa hivyo kazi inakatwa vipande. Kompyuta yangu inapewa kieneo kidogo na kuambiwa: piga hesabu ya siku mbili. Upepo, unyevu, joto, mawingu. Kwenye mashine ya zamani kama yangu, siku hizo mbili zingeweza kuchukua zaidi ya siku nzima kukokotoa. Ukimaliza unatuma, na majibu hayo ndiyo yanayoanzisha siku mbili zinazofuata za eneo lilelile, pengine kwa mtu mwingine Brazil au Japani. Mimi nikilala na kazi, yeye anangoja.

Hicho ndicho kilichonishika. Hakuna aliyeniuliza nina digrii gani. Mfumo unaangalia majibu, hauangalii aliyeyaleta. Siku ya kwanza kuona neno linalosema kazi yangu imekubalika, nilikaa nikilitazama kama mtu aliyepata matokeo ya mtihani.

Sasa jaribu kumweleza hayo mtu ambaye mita inamlilia.

"Unalipwa ngapi?"

"Halipwi mtu. Wanakupa pointi."

"Pointi zinanunua nini?"

"Hakuna."

"Si ungesema tu ni bitcoin, nielewe."

Akachukua karatasi, na hapo ndipo aliponimaliza, kwa sababu hesabu ilikuwa sahihi. Mashine inakula kama wati 120. Mara masaa 24, hizo ni karibu uniti tatu kwa siku. Mara siku 30, uniti 86. Kwa shilingi 25 tulizokuwa tukilipa kwa uniti, ni zaidi ya shilingi 2,000 kwa mwezi. Nusu yake ilikuwa ikitoka mfukoni mwake, na yeye alikuwa mtu wa mjengo, analipwa kwa siku.

"Mwezi uliopita ulimtumia mama yako ngapi?" akauliza, kwa sauti ya chini.

Nilikuwa nimemtumia 1,000.

Nilizima mashine. Chumba kikawa kimya hadi nikasikia televisheni ya jirani. Kwa siku nne sikuigusa ila kuandika insha za watu. Nilijaribu kujitetea kichwani: sayansi, Afrika, mchango. Lakini nilijua pia kwamba sehemu ya yote hayo ilikuwa ni mimi kutaka kukubaliwa na kitu fulani, kwa gharama ya mtu anayebeba mawe.

Siku ya tano nikampigia mama. Nilimwambia ukweli wote kwa mara ya kwanza: kwamba sipumziki, kwamba chuo kimeisha, kwamba nawaandikia watu, na kwamba nilikuwa nikichoma pesa kwenye hesabu ya mvua.

Hilo la chuo alinyamaza nalo kidogo. "Nilijua," akasema. "Mtu anayepumzika hapigi simu usiku." Kisha akauliza, "Hiyo mvua ni ya msimu unaokuja?"

"Hapana, Mwaitu. Ni ya mwaka mmoja uliokwisha kupita. Wanataka kuelewa inavyofanya, ili siku moja watabiri vizuri."

"Na kwetu mmefika?"

"Sijui kipande changu ni cha wapi. Inaweza kuwa Zambia. Inaweza kuwa Mali."

"Ama Kitui."

"Ama Kitui."

"Basi kama umeanza, maliza uliyopewa," akasema. "Lakini usimalizie kwa pesa za mtoto wa dada yangu."

Misimu iliyofuata haikuwa mizuri. Hadi mwisho wa 2022, sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika ilikuwa imekosa mvua ya kutosha kwa misimu mitano mfululizo, na mashariki mwa Kenya tuliijua kwa bei ya mahindi. Hesabu zangu hazikuleta tone hata moja, na sikutarajia zilete.

Lakini tulikubaliana na binamu. Mashine inawaka masaa ninayoandika tu, wakati ingekuwa imewaka hata hivyo, na theluthi mbili za tokeni ni zangu. Stima ikipotea katikati, hesabu inarudi nyuma hadi pale ilipohifadhiwa mara ya mwisho, halafu inaendelea kutoka hapo. Haianzi mwanzo kabisa.

Jioni ile baada ya simu nilinunua tokeni za 300 kwa pesa zangu, nikaingiza namba, nikaiwasha. Kazi ilikuwa imefika asilimia 62, na ilikuwa imebaki siku moja kabla ya muda wake kuisha. Nikafungua insha ya mtu pembeni, nikaanza kuandika, feni ikivuma.

Binamu akageuka kitandani. "Mvua?"

"Mvua."

"Haya. Punguza mwangaza wa skrini basi, kesho niko mjengo."