Mamlaka Yaliyohama Pangani

Ujenzi wa daraja la mita 525 kati ya mji wa Pangani na Bweni, ng'ambo ya kusini, umewafanya vijana wengi wa mkoa wa Tanga waulize mji huu ulikuwa na nini hata pantoni yake isikitikiwe. Swali hilo linaudhi, lakini haliwezi kulaumiwa sana, kwa kuwa anayefika Pangani leo hukuta makao makuu ya wilaya ndogo, kata mbili za mjini, yaani Pangani Mashariki na Pangani Magharibi, pamoja na nyumba za ghorofa ambazo roshani zake za mbao zinaoza huku wenye mamlaka wakipita chini yake.

Mto Pangani huanzia katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, husafiri takriban kilomita 500, kisha huingia Bahari ya Hindi nyuma ya fungu la mchanga ambalo majahazi yaliweza kulivuka maji yakijaa, ilhali meli kubwa zilishindwa. Fungu hilo liliutajirisha mji katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu ilipoteremka kutoka bara na bonde la mto lilipojaa mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na fungu hilohilo likauponza zilipokuja meli za moshi. Utawala wa wakati ule ulikuwa wa karibu: liwali, yaani mwakilishi wa Sultani wa Zanzibar, alisimamia forodha na hukumu, na majumbe, ambao walikuwa wakuu wa koo za wenyeji, walipokea ada kutoka kwa wenye misafara na kugombana naye kila walipoona wamepunjwa. Haukuwa utawala wa haki, na watumwa wa mashamba ya miwa hawakuwa na la kuukumbukia kwa wema, ila aliyetaka kuulalamikia hakuhitaji kusafiri.

Mambo ya mwaka 1888, pwani ilipowaasi Wajerumani, na kunyongwa mjini humo kwa Abushiri, kiongozi wa uasi huo, yanajulikana. Lisilotajwa sana ni kwamba mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli, wakaianzishia Tanga badala ya Pangani, na mzigo wa bara ukaifuata. Liwali akawa mtu wa mshahara wa boma, na juu ya majumbe akawekwa akida, yaani mtumishi wa serikali mwenye eneo lake, ambaye mara nyingi alitoka mji mwingine.

Mwaka huohuo wa 1893, au 1892 kwa wanaohesabu tangu kuagizwa kwake, ulifika mkonge. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika 62 iliyo hai, na Kikogwe, kusini mwa mto, ndiko ilikopandwa. Mwaka una umuhimu mdogo kuliko harufu iliyofuata. Jani la mkonge hutoa singa, yaani nyuzi zinazosokotwa kamba, kiasi cha asilimia nne tu ya uzito wake. Sehemu iliyobaki ni nyama na maji, na mashine ya kusaga majani, ambayo wafanyakazi waliiita korona, iliitema yote ikiwa uji wa kijani ambao kwa siku chache huchacha. Uchachu huo ulikaa katika nguo za manamba, yaani vibarua walioandikishwa mbali na kupewa kadi ya kipande yenye siku 30 za kazi za kujazwa, ukapanda nao vyombo vya kuvuka mto na kuingia nao madukani, ambako ulichanganyika na mbata na mafuta ya taa. Waliokulia Pangani enzi za mashamba ya Mwera na Bushiri hawakuupenda, lakini waliusoma: ukikolea, mashine zinafanya kazi, mishahara italipwa, na muuza kanga atauza, ukipungua, daftari la mkopo hurefuka. Hakuna taarifa ya halmashauri iliyowahi kueleza uchumi wa mji kwa uaminifu kama huo.

Waingereza, waliowarithi Wajerumani, walibadilisha vyeo zaidi ya mambo. Baada ya uhuru utawala wa kichifu ukafutwa, mashamba mengi ya mkonge yakataifishwa mwaka 1967, nyuzi za plastiki zikashusha bei duniani, halmashauri zikavunjwa mwaka 1972 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Madiwani wakapata tena vikao, ila fedha nyingi za kuamulia ziliendelea kutoka serikali kuu.

Wakati huo mto wenyewe ulikuwa umekwisha kupata wakubwa wengine. Bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya Hale vilijengwa katika miaka ya 1960, mtambo mpya wa maporomoko ya Pangani ukafuata katika miaka ya 1990, na mashamba ya umwagiliaji ya juu yakachukua sehemu yake. Maji matamu yanayofika mlangoni yamepungua, maji ya chumvi yanapanda mto na kuharibu mashamba ya kingoni, na bahari inaula ufuko. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, chombo kinachotoa vibali vya kutumia maji hayo, iliundwa mwaka 1991 na makao yake yako Moshi, upande wa wanaoyachota kwanza, ilhali mji ulioupa mto jina lake huyapokea yaliyosalia.