Kidau Chepesi na Amana Nzito



Likizo ya Agosti iliyopita, mimi na mke wangu tuliwachukua watoto wetu watatu, wenye umri wa miaka 10, 8 na 5, tukaenda Shela katika kisiwa cha Lamu kuwazuru wakwe zangu. Shemeji yangu ana kidau cha tanga moja, kilichoundwa na mafundi wa Matondoni. Ni chombo chembamba na chepesi mno. Mtu mzima akihama upande mmoja kwenda wa pili, chombo nacho hulala naye. Watoto walipokiona kimeelea mbele ya kijiji hawakutaka jambo jingine, nami nikawaahidi kuwapeleka Takwa, ng'ambo ya mkondo, katika kisiwa cha Manda.

Asubuhi ya safari mke wangu aliuliza jambo moja tu: majaketi ya kuokoa maisha yako wapi? Nakiri kwamba niliona haya. Mimi ni mzaliwa wa pwani, nimepanda vyombo tangu sijajua kusoma alifu. Nikamwambia kwamba tumekwisha kusoma dua ya safari, na Mwenyezi Mungu ndiye mlinzi. Akanijibu kwa upole, "Bwana, dua nimeitikia. Lakini hawa ni amana, na bila ya jaketi hawapandi." Shemeji akaenda kwa jirani, akarudi na majaketi manne. Watoto wakavaa, na mama yao akavaa. Mimi nilikataa.

Tuling'oa nanga saa tatu, maji yakijaa. Shemeji alishika usukani, mimi nikashika kamba ya demani. Upepo wa kusi ulitujia ubavuni, na kidau kikakata maji kama mkasi ukatao kitambaa. Mwanangu wa kiume alicheka mpaka akapaliwa. Tukaingia katika mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, ambako chombo hakipiti ila maji yakiwa mengi. Kabla hatujashuka, shemeji alituasa: tuondoke mara tu baada ya swala ya adhuhuri.

Takwa ni mji wa Waislamu uliostawi katika karne ya 16 na ya 17, kisha ukahamwa. Wazee wa Shela husimulia kwamba asili yao ni huko, na visima vilipoingia chumvi watu walivuka wakaja kuanza upya. Msikiti wa Ijumaa ungali umesimama, na juu ya ukuta wake wa kibla imepanda nguzo ambayo watoto waliikodolea macho. Mihrabu imeelekea kaskazini, kwa kuwa kwetu sisi wa Lamu kibla kiko upande huo. Tuliswali, tukala. Kisha mimi, kwa mazoea ya mwalimu, nikaanza darasa la historia. Shemeji alikohoa mara mbili. Niliendelea.

Tulitoka saa nane, maji yakipwa kwa kasi, tukisukuma kwa pondo juu ya matope. Tulipofika kwenye mkondo mkubwa nikaona kosa langu. Maji yalikuwa yakitoka kuelekea bahari kuu, na kusi ikivuma kutoka huko huko kuja kwetu. Maji na upepo vikikabiliana hivyo, mawimbi husimama wima na kukaribiana. Shela ilikuwa mbele ya macho yetu, lakini upande wa joshi, nasi tulilazimika kwenda bisha, huku na huku. Hapo nilielewa kwa nini wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi.

Dharuba ya upepo ikatupiga. Kidau kikalala, na maji yakamiminika ndani. Kitinda mimba wangu akateleza kutoka ubaoni mpaka ngamani. Mama yake akamdaka kwa ukanda wa lile jaketi nililoliona haya. Binti yangu mkubwa alichukua upo, akaanza kuteka maji bila ya kuambiwa na mtu. Nami nikapaza sauti, "Twende! Shela ile pale!"

Mke wangu akasema, "Shusheni tanga."

Shemeji hakushusha. Alinitazama. Yeye ndiye nahodha, na anaijua bahari ile kuliko mimi, lakini mimi ni mkubwa wake kwa umri, na ni sheikh, kwa hiyo alingoja kauli yangu. Katika kimya kile kifupi niliona kwamba heshima niliyopewa na watu ilikuwa karibu kuwazamisha wanangu. Nikasema, "Shusha."

Tukarudi nyuma kwa upepo mpaka kivulini mwa mikoko ya Manda, tukatia nanga. Watoto walikula mahamri yaliyolowa. Ilipoingia alasiri tulitawadha kwa maji ya bahari, nayo ni tohara. Omo ilielekea kusini kwenye upepo, basi sisi tuligeukia tezi, tukaswali mmoja mmoja tukiwa tumeketi, kwani fiqhi imemruhusu anayechelea kuanguka majini. Maji yalipotulia, karibu na saa kumi na moja, tulivuka polepole. Magharibi ilitukuta Shela.

Usiku ule nilimwomba mke wangu radhi, kisha nikamwomba shemeji. Kwa miaka mingi nimesomesha kisa cha yule bedui aliyefunzwa na Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wa sallam, amfunge ngamia wake kwanza ndipo atawakali. Nilikisomesha, lakini ngamia wangu sikumfunga.

Basi ndugu zangu, mkitaka kusafiri na watoto katika chombo chepesi, nendeni, kwani kuna furaha na ilimu ndani yake. Lakini ulizeni kwanza saa za maji kujaa na kupwa. Mwambieni mtu wa pwani mnakwenda wapi na mtarudi lini. Kila mtu avae jaketi, baba akiwa wa kwanza, maana watoto hufuata wanachokiona. Kila mtoto apewe mahali pa kukaa na kazi ya kufanya, kwani mwenye kazi hana nafasi ya kuogopa. Na mama akisema tanga lishushwe, lishushwe kwanza, mjadala uje baadaye.

Siku ya nne watoto waliomba kurudi baharini. Mama yao alikubali kwa sharti moja, na safari hii jaketi la tano lilikuwa mwilini mwangu. Kawia ufike.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie wasafiri wetu, na awarehemu wote waliochukuliwa na bahari. Amin.