Kaka Alimsikia Mkikuyu Angani

Mwenzenu napenda hadithi za kisayansi: vyombo vya angani, viumbe wa sayari nyingine, roboti zinazogoma. Ukiniuliza nilizipatia wapi, ningependa kutaja maktaba. Ukweli ni kwamba nilizipatia kwenye banda la video Maili Moja, Kibaha, kwa shilingi hamsini, nimebanana na wenzangu kwenye benchi. Usiku tulirudi kwa miguu hadi kwetu Sofu, nami nikizitazama nyota kwa wasiwasi.

Mkalimani wa banda alikuwa kaka yangu. Kanda zenye sauti ya Lufufu zilikuwa bado hazijatufikia, kwa hiyo kaka alikaa kando ya televisheni, akashika maiki na kutafsiri papo hapo. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga. Aliishia darasa la saba, akawa utingo wa malori ya kwenda Namanga na Nairobi. Lakini akishika maiki, chombo cha angani kinakuwa lori lisilo na matairi, bunduki ya leza inakuwa tochi ya kuulia, na watu wazima wanasahau kwenda nyumbani.

Nikiwa kidato cha tatu tuliangalia Independence Day, ile ya 1996. Vyombo vikubwa vimeifunika miji ya Marekani, nje kama usiku. Kaka akatangaza: "Hawa jamaa wamefuata maji. Kwao mabomba yanatoa upepo tu. Wakimaliza hapa wanahamia kwa jirani."

Banda zima likaguna. Habari ya bomba kutoa upepo nani asiyeijua? Mimi, na Kiingereza changu cha shule, nikasimama: "Muongo! Wala hajasema hivyo!"

Watu wakacheka. Wiki iliyofuata kaka hakushika maiki. Hakunigombeza. Alisema tu, "Dogo, wewe umesoma," akarudi kwenye malori.

Nimeiangalia tena filamu ile ukubwani. Kuna mahali rais wa Marekani anaeleza alichokiona ndani ya akili ya kiumbe mmojawapo: hawa ni kama nzige, wanahama sayari hadi sayari wakimaliza kila rasilimali. Sentensi ya kaka haikuwemo, ila maana yake ilikuwemo. Yeye aliikamata hadithi, mimi nilikamata maneno mawili matatu.

Lakini kuna nyingine inayoniuma zaidi. Katika Return of the Jedi ya 1983 yupo rubani mwenye mashavu yanayoning'inia, Nien Nunb, anayeendesha chombo pamoja na Lando. Tulipoiangalia, kaka aliacha kutafsiri akapiga kelele: "Huyu Mkikuyu!" Tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Miaka baadaye nikasoma kwamba sauti ile ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi Marekani, na kwamba kiumbe yule anaongea Kikuyu kweli. Kaka hakubahatisha. Alisikia lugha aliyoizoea barabarani.

Tangu hapo nasoma kwa sikio jingine. Katama Mkangi, mwandishi kutoka pwani ya Kenya, alitoa riwaya ya Walenisi mwaka 1995: mtu aliyehukumiwa kifo anatupwa angani ndani ya chombo, anafika nchi ya watu walio sawa. Jina lenyewe ukilisoma taratibu linasema wale ni sisi. Halafu ipo Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu ya 2009. Vita vya maji vimekwisha kupiganwa, Afrika Mashariki imekauka, watu wanaishi mji uliofungwa ambamo kila tone linapimwa. Niliimaliza nikakaa kimya. Wamefuata maji, kaka alishasema.

Huwa tunalalamika kwamba Kiswahili hakina hadithi za aina hii. Vitabuni ni chache, sawa. Ila nadhani zipo zilizosemwa kwenye maiki, usiku mmoja tu, bila mtu wa kuziandika. Na mojawapo niliizima mimi.

Sikukuu iliyopita nilikwenda Sofu na laptopu. Mgongo ulishamtoa kaka kwenye malori, siku hizi anauza spea za pikipiki. Nikamhadithia habari ya Rotich. Hakucheka.

"Si nilisema?"

"Ulisema, kaka. Na ile ya maji, nisamehe."

Akanyamaza, akapangusa mikono. Kisha akauliza kama ninayo hapo, ile ya wageni wa maji. Ninayo. Akawaita watoto wake sebuleni, akakaa kando ya skrini, akakohoa. Wale watoto Kiingereza wanakijua kuliko mimi wakati ule, hivyo nikawaonya mapema: atakayesema muongo, anatoka nje.