Safari ya Kilosa na Mikumi

Mikumi imo katika Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro. Mkazi wa Mikumi mwenye shughuli kwenye makao makuu ya wilaya hana budi kufika Kilosa mjini. Njia ni mbili. Njia fupi hupita Ulaya. Urefu wake ni kama kilometa 80. (Ulaya hiyo ni ya kwetu Kilosa, si ile ya Wazungu.) Njia ndefu huzunguka Morogoro mjini na Dumila. Hiyo ni kama kilometa 250, na sehemu kubwa ni lami.

Wakati wa kiangazi pita Ulaya. Wakati wa masika usiondoke kabla ya kuwauliza madereva waliotoka huko siku hiyo. Ukiwa na mgonjwa, usibahatishe. Gari likikwama kwenye matope usiku, nauli uliyookoa haitamsaidia mgonjwa wako.

Ukipita njia ndefu, basi litakata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Barabara kuu iendayo Zambia hupita ndani ya hifadhi kwa kama kilometa 50. Kaa dirishani. Utaona swala na pundamilia, na pengine twiga au tembo. Usitupe maganda wala chupa nje. Nyani huja barabarani kuokota mabaki, kisha hugongwa. Wewe mwenye gari au pikipiki, soma vibao vya mwendo na uvitii, hasa usiku. Nyati akisimama mbele yako gizani, breki haziwezi kukuokoa. Tena anayegonga mnyama hutozwa faini.

Reli je? Reli ya zamani ilianza kujengwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita Kilosa, ikafika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kwenda Dar es Salaam hadi Dodoma, nayo ina kituo Kilosa. Treni hizo hazifiki Mikumi. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Mikumi, unaweza kushuka Morogoro na kupanda basi.

Sasa, wewe unajua kusoma. Basi soma tiketi yako hapo hapo dirishani. Tazama jina la kituo unachoshukia, tarehe, bei na saa. Saa ndiyo inayowaponza wengi. Tiketi haifuati saa zetu za Kiswahili. Ikiandikwa 07:00, maana yake ni saa moja asubuhi, wala si saa saba. Atakayekuja saa saba mchana atakuta treni imekwenda zamani. Saa saba mchana huandikwa 13:00. Saa moja jioni huandikwa 19:00. Kama kuna tarakimu usiyoielewa, muulize mkata tiketi kabla hujampisha mwenzako.