Baba Nani?

7 Juni, Jumamosi
Nimefika saa mbili usiku, mgongo umekufa. Dumu nimelipakata kutoka Mbamba Bay mpaka hapa Mbinga kama mtoto mchanga. Samaki sita wa Liuli, wote wazima! Mjomba kacheka mpaka kakohoa: "Mpwa wangu, hawa ni chambo, wewe unawatafutia kitanda." Hela kapokea hata hivyo.

Majike wao ni njano ya embe bivu. Wangu wa zamani, wa Mbamba Bay, njano ya limau. Ukitulia unaona tofauti. Ukipita haraka, mtu na dada yake. Nimewatia pamoja. Tangi ninalo moja, nifanyeje?

9 Juni
Vita. Dume langu kubwa, yule mwenye michirizi, kajitwalia jiwe la kati na hataki mtu. Dume wa Liuli kajibanza juu nyuma ya hita, mapezi yamechanika kama kanga iliyopita miibani. Nikatoa mawe yote, nikayapanga upya, wote wawe wageni. Mkubwa kazunguka dakika kumi akitafuta nyumba yake. Akome.

Balbu ya tangi imeungua. Mpya, mwisho wa mwezi.

14 Juni, usiku
Umeme umekatika saa saba. Na baridi ya huku, mwezi huu! Kule chini ziwani hawaijui. Kipimajoto kinasoma 20. Nimechemsha maji, nimejaza chupa mbili za plastiki, zinaelea tangini. Mama watoto kaamka, kaniangalia, kasema: "Kahawa haijachumwa, wewe unakanda samaki." Kweli kabisa. Sikulala mpaka kiliposoma 23.

20 Juni
Jike mmoja wa embe hali. Chakula kinampita puani, wala. Taya limejaa, analichezesha polepole kama bibi asiye na meno mwenye bisi mdomoni. Nimepiga magoti mbele ya kioo na tochi. Alipopiga mwayo nikaona: mayai, rangi ya chungwa. Anaatamia! Wiki tatu hivi, asile kitu. Nimemwambia kila mtu dukani, hakuna aliyejali.

21 Juni
Nimeamka na swali. Dume wa Liuli hajatoka kona ile tangu siku ya vita. Sasa baba nani?

27 Juni
Nimerudia kusoma ule utafiti wa Seehausen na wenzake, wa 1997, kuhusu samaki wa Ziwa Victoria. Maji yakichafuka, mwanga ukififia, jike hazitambui rangi za madume, anampokea wa aina nyingine, na aina zinamezana. Kule ni matope. Kwangu ni balbu. Siku kumi na moja sebule ikiwa giza, na mimi nasema mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi.

Hawa wangu, kwao wasingekutana. Samaki hawa hawaachi mwamba wao. Mchanga na kina kati ya mwamba na mwamba ni ukuta kwao. Ndiyo maana wa Liuli, pale kwenye jiwe lililowafanya Wajerumani wapaite Sphinxhafen, si sawa na wa Mbamba Bay. Vizazi na vizazi kila mmoja kwao. Mimi nimewakutanisha kwa dumu la lita 20.

7 Julai, Sabasaba
Balbu nimeshaweka. Ovyo, sasa ya nini. Jike amekonda, kichwa kikubwa, tumbo limebonyea. Namwonea haya.

11 Julai
Ametema! 14. Urefu wa punje ya mchele, macho matupu, kila mmoja na ufa wake kwenye mawe. Mmoja katoka, kachota kitu cha kijani juu ya jiwe, karudi. Nimekaa nao saa nzima, chai imepoa. Wazuri, ndilo tatizo.

Mjomba kwenye simu: "Walete niwamwage ziwani, maji ni mengi." Hapana, mjomba. Hawa si wa Liuli, si wa Mbamba Bay. Wakikua na kuzaa kule, nitakuwa nimetia mkono wangu palepale nisipoweza kuutoa.

Jirani kaomba wawili wa mtoto wake. Nimemnyima, kanuna.

13 Julai
Fundi wa vioo kapokea nusu ya hela. Tangi la pili Jumatano. Wa Liuli wanahamia huko, na jike wao. Hawa 14 watazeekea kwangu.